Kabla Hujaandika "Ini Limevimba": Namna ya Kulisoma Ini kwa Ultrasaundi

Nawaandikia vijana wanaokabidhiwa mashine ya ultrasaundi kwenye zahanati na vituo vya afya: matabibu, wauguzi, na wanafunzi walioko kwenye mazoezi ya vitendo. Mimi ni mpima ultrasaundi hapa Mwanza. Wagonjwa wangu wanatoka Magu, Misungwi, Sengerema na visiwa vya Ukerewe, na wengi wanafika na karatasi mkononi. Karatasi imeandikwa "ini limevimba", basi. Haisemi lilipimwa wapi, lina urefu gani, ukingo wake ukoje. Mwenye karatasi ameshaacha kula mayai na nyama, ameshauza mbuzi anunue dawa za "kusafisha ini", na usiku hapati usingizi. Nikimpima, mara nyingi nakuta ini zima kabisa, ila lina umbo ambalo aliyempima mwanzo hakuwahi kuonyeshwa.

Hilo linaniuma kwa sababu linazuilika. Vitabu vingi vinachora ini moja, la mtu mmoja, kisha mwanafunzi anadhani binadamu wote wameumbiwa hilo. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5 hivi, ni laini, na hukua likijaza nafasi linayoipata kati ya mbavu, tumbo na utumbo. Mwembamba ana lake, mnene ana lake. Kuna lenye ncha ndefu inayoshuka hadi karibu na nyonga, kuna lililotambaa kushoto mpaka likagusa wengu, na kuna lenye mifereji juu ambayo wa pembeni hana. Kujua hayo ndiko kunakokupa haki ya kumwambia mtu kwamba ini lake linaumwa.

Kabla ya jeli

Mgonjwa aje hajala kwa saa sita hivi. Maji matupu anaweza kunywa. Akila, mfuko wa nyongo unajikamua na kusinyaa, na utumbo unajaa gesi inayoziba mawimbi. Lakini usimrudishe mama aliyevuka ziwa kutoka Nansio, Ukerewe, eti kwa sababu alikunywa chai njiani. Mpime, andika kwenye ripoti kwamba alikuwa amekula, na usitoe hukumu ya mfuko wa nyongo siku hiyo.

Muulize kwanza. Amewahi kupasuliwa tumbo? Anavua, anafua au anaoga ziwani? Amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi? Amepimwa homa ya ini B? Pombe, dawa za miti shamba? Anaishi na mbwa na mifugo? Kama watu kadhaa wa nyumba moja wamepata macho ya manjano kwa pamoja, uliza mahindi yao yalihifadhiwa wapi: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi na 125 wakafariki. Majibu haya ndiyo yatakayokuambia kivuli unachokiona kina uzito gani. Doa jeupe la sentimita mbili kwa binti wa miaka 25 asiye na tatizo lolote, na doa hilohilo kwa mzee mwenye homa ya ini B, ni mambo mawili tofauti.

Probu, yaani kile kichwa cha mashine unachokiweka mwilini, iwe ile ya uso wa mviringo, ya megahezi 2 hadi 5. Mlaze chali kwanza, halafu alalie ubavu wa kushoto, mkono wa kulia juu ya kichwa. Akigeuka hivyo, ini linashuka na kutoka nyuma ya mbavu. Kisha mfundishe pumzi: "Mama, vuta pumzi ndefu, ishike… achia." Sehemu kubwa ya ufundi wa kupima ini iko kwenye hiyo pumzi, na utaona hapo chini kwa nini narudia kuitaja.

Anza na upande, kisha mishipa

Weka probu chembe ya moyo, kwa upana, alama yake ikitazama kulia kwa mgonjwa. Mbele ya uti wa mgongo kuna mishipa miwili mikubwa: vena kava ya chini, inayorudisha damu moyoni, kulia kwa mgonjwa, na aota, inayoitoa moyoni, kushoto. Ukikuta ini liko kushoto na wengu kulia, cheki alama ya probu kabla hujashtuka. Kama alama iko sawa, sogeza probu kifuani utazame na moyo. Wapo watu ambao viungo vyao vyote vimekaa kinyume tangu tumboni mwa mama. Inakadiriwa mmoja katika 10,000. Wengi wao wanaishi bila shida yoyote. Iandike waziwazi kwenye ripoti, kwa sababu siku mtu huyo akiumwa kidole tumbo, maumivu yatakuwa kushoto, na daktari asiyejua atatafuta ugonjwa mwingine.

Sasa mishipa ya ndani. Vena za ini ni tatu, zinapanda kuelekea vena kava, na kuta zake hazionekani sana kwenye skrini. Matawi ya vena porta, mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini, yana kuta nyeupe nene, kwa sababu yanatembea ndani ya ala moja pamoja na ateri, mshipa wa damu itokayo moyoni, na mrija wa nyongo. Kaa na tofauti hiyo mpaka macho yako yaitambue bila kufikiri. Vena porta ndiyo inayoleta takribani robo tatu ya damu ya ini. Robo inayobaki inaletwa na ateri.

Mishipa hiyo ndiyo mipaka ya kweli. Ile kano inayoonekana mbele ya ini, tuliyozoea kuiita mpaka wa kulia na kushoto, si mpaka wa utendaji. Mwaka 1897 daktari Mskoti James Cantlie alionyesha kwamba mstari wa kweli unatoka kwenye kitanda cha mfuko wa nyongo kwenda kwenye vena kava. Mwaka 1957 Mfaransa Claude Couinaud akaligawa ini katika vipande 8 kwa kufuata vena za ini na matawi ya vena porta, na madaktari wa upasuaji wanaongea kwa namba hizo hadi leo.

Namna ya kuzikumbuka ni hii. Vena ya ini ya kati inatenga kulia na kushoto. Vena ya kulia inatenga kipande cha 5 na cha 8 vilivyo mbele na cha 6 na cha 7 vilivyo nyuma. Vena ya kushoto iko upande wa cha 2 na cha 3, na kati yake na vena ya kati kuna cha 4. Vya juu ni 2, 8, 7 na nusu ya juu ya 4. Vya chini ni 3, 5, 6 na nusu ya chini ya 4. Kipande cha 1 kimejificha nyuma, kimeegemea vena kava, na damu yake kinaimwaga humo moja kwa moja kwa vimishipa vyake chenyewe. Ndiyo maana vena kubwa za ini zikiziba, kipande hicho mara nyingi hupona na hata kunenepa wakati vingine vinateseka.

Ukishaweza kutaja kipande ulichopo, maumbo yasiyo ya kawaida hayatakutisha. Swali lako litakuwa moja tu: hii nyama ninayoiona, mishipa yake inatoka wapi?

Ini refu lililo zima

Chukua mfano wa mama mwembamba anayeuza dagaa pale Mwaloni. Alifika na karatasi iliyosema ini lina sentimita 19 na limevimba sana. Nilipomgusa, kweli, ubavuni kulia chini ya mbavu kulikuwa na kitu kigumu kiasi, kinateleza chini ya vidole akivuta pumzi. Alikuwa ameshaambiwa ajiandae kwa lolote.

Nilimpima hivi, na wewe pima hivyohivyo. Kwanza urefu, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, mfupa wa mbele wa bega, kuanzia juu chini ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, mpaka ncha ya chini. Kwa watu wazima wengi ni hadi sentimita 15 au 16. Wake ulikuwa 19, kweli. Halafu sikuishia hapo. Nikaifuata ncha: ilishuka ikiwa nyembamba, ikapita figo ya kulia, ikaishia karibu na usawa wa mfupa wa nyonga, na ukingo wake ulikuwa mkali. Ini lililovimba kwa ugonjwa hunenepa. Ukingo wake wa chini unakuwa butu, wa mviringo. Nikafuata tawi la vena porta kutoka kipande cha 6: liliingia ndani ya ile ncha, likagawanyika taratibu bila kusukumwa wala kukatika. Rangi ya nyama ilikuwa moja kutoka juu hadi chini. Nikahamia kushoto: lobu, yaani pande kubwa la ini, ya kushoto ni ndogo, wengu sentimita 10, vena porta haijatanuka.

Huo ni ulimi wa Riedel, uliopewa jina la Bernhard Riedel, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1888. Huonekana zaidi kwa wanawake. Si ugonjwa, hauna dawa, na hauhitaji. Nilimwambia mama: "Ini lako ni zima. Limeumbwa refu upande huu. Rudi sokoni." Ila usiupite haraka ule ulimi ukishautambua, nao ni nyama ya ini, unaweza kuota uvimbe kama sehemu nyingine, kwa hiyo utazame wote mpaka mwisho.

Wapo wengine ambao ini lao linagusika chini ya mbavu na halijazidi hata sentimita moja. Mwenye pumu ya muda mrefu au mapafu yaliyojaa hewa, kiwambo chake kimeshuka na kulisukuma ini chini. Anayepima kwa vidole peke yake ataandika limevimba. Pima juu na chini, kila siku. Kwa watoto kumbuka kwamba ini la mtoto mchanga ni takribani sehemu 5 kwa 100 ya uzito wake, wakati la mtu mzima ni 2 hivi kwa 100. Ukingo unaogusika sentimita mbili chini ya mbavu za mtoto mdogo anayenyonya vizuri na kucheza ni hali ya kawaida.

Lobu ya kushoto, na kwa nini Kanda ya Ziwa ni lazima uitazame mara mbili

Kwa baadhi ya watu lobu ya kushoto haiishii chembe ya moyo. Inatambaa kushoto, inapita juu ya tumbo la chakula, na kumkumbatia wengu. Hatari yake inajitokeza usiku, analetwa kijana aliyeanguka na bodaboda, analalamika ubavu wa kushoto. Unaweka probu, unaona mkanda mweusi kiasi umeuzunguka wengu, na moyo unakuambia ni damu iliyovujia chini ya ganda la wengu. Kabla hujapiga simu ya chumba cha upasuaji, mwambie avute pumzi taratibu kadiri anavyoweza. Kama ni ini, utaona nyuso mbili zikiteleza, moja juu ya nyingine. Washa rangi ya kuonyesha mtiririko wa damu: ini lina mishipa ndani yake, damu iliyovuja haina. Kisha ufuate ule mkanda kuelekea katikati mpaka uone umeungana na ini. Na bado tafuta maji huru kwenye nyonga na kati ya ini na figo, maana kuwa na ini refu hakumkingi mtu na jeraha.

Lakini huku kwetu lobu kubwa ya kushoto ina maana ya pili, na hapa nataka ukae kidogo.

Kichocho cha utumbo kimeenea kuzunguka ziwa hili. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya utumbo, inataga mayai, na mengi yanasombwa na vena porta hadi kwenye ini. Kila yai linaloganda humo mwili unalijengea kovu, na makovu yanajipanga kufuata matawi ya vena porta. Miaka inavyokwenda, lobu ya kulia inaweza kusinyaa na ya kushoto ikakua. Mtu anaonekana na nguvu, vipimo vyake vya damu vya ini vinaweza kuwa vizuri, kwa sababu chembe za ini zenyewe zimesalimika. Kisha siku moja anatapika damu beseni zima, kwa sababu damu iliyozuiwa kwenye vena porta imetafuta njia kupitia mishipa ya umio, na mishipa hiyo imepasuka.

Kwa hiyo ukikuta lobu kubwa ya kushoto kwa mvuvi, tazama kuta za matawi ya vena porta. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kupima kichocho kwa ultrasaundi unaojulikana kwa jina la Niamey, mji mkuu wa Niger, na umepanga picha kwa herufi. A ni ini la kawaida. B ni vidoa vyeupe vilivyotawanyika; hiyo peke yake haitoshi kumwambia mtu ana kovu la kichocho. C ni pete nyeupe ukikata mshipa kwa upana, na mirija yenye kuta nene ukiukata kwa urefu, tena pembezoni mwa ini ambako kwa kawaida kuta hazionekani. D ni unene mweupe unaozunguka mahali vena porta inapogawanyika. E ni mabaka meupe yanayotoka kwenye vena porta kuingia ndani ya nyama. F ni mikanda inayofika hadi kwenye uso wa ini. Anza kuwa na wasiwasi kwenye C.

Halafu pima vena porta. Ikizidi milimita 13 kwa mtu mzima aliyetulia, iandike. Pima wengu. Tafuta mishipa iliyojipindapinda karibu na tumbo la chakula na kwenye kano inayoelekea kitovuni. Mwenye lobu kubwa ya kushoto, kuta nyembamba, wengu mdogo na vena porta ya kawaida ameumbwa hivyo. Mwenye lobu kubwa, kuta nene, wengu uliofika kitovuni, huyo apewe rufaa ya kuchunguzwa umio kwa kamera hata kama anasema haumwi kitu. Prazikwanteli itaua minyoo, na mpe bila kusita kama itifaki inavyosema, lakini kovu kubwa lililokwisha kujengeka halifutiki kwa vidonge vya siku moja. Mwambie ukweli huo.

Vivuli vinavyodanganya

Juu ya lobu ya kulia, misuli ya kiwambo wakati mwingine inabonyea na kuacha mifereji kwenye uso wa ini. Ukiukata mfereji kwa upana unaona kinundu cheupe, duara, na unaandika uvimbe. Zungusha probu nyuzi 90. Uvimbe unabaki duara. Mfereji unarefuka na kuwa mstari. Mwambie avute pumzi, na mara nyingi utabadilika umbo mbele ya macho yako. Hivyohivyo ile kano ya mviringo, ambayo ni mabaki ya mshipa uliokuwa ukileta damu kutoka kwenye kondo la nyuma tukiwa tumboni: ikikatwa kwa upana inang'aa kama uvimbe kati ya kipande cha 3 na cha 4, wakati mwingine na kivuli nyuma yake. Zungusha.

Kipande cha 1 nacho kina kichuguu kinachoweza kuning'inia chini hadi karibu na kichwa cha kongosho. Nimeona karatasi zinazokiita tezi iliyovimba, na nyingine saratani ya kongosho. Panda nacho juu polepole bila kuinua probu. Utaona kinavyoungana na ini.

Mafuta ni mdanganyifu mwingine. Ini lenye mafuta linang'aa kupita figo ya kulia iliyo jirani yake. Ndani ya mng'ao huo panaweza kubaki eneo lisilo na mafuta, jeusi, karibu na mfuko wa nyongo au mbele ya vena porta kwenye kipande cha 4, kwa sababu sehemu hizo hupata damu kidogo kupitia vimishipa vingine visivyotoka kwenye vena porta kuu. Linaonekana uvimbe. Tazama mipaka yake: ina kona, haina umbo la mpira, na mishipa inapita katikati yake bila kupindishwa. Uvimbe wa kweli huisukuma mishipa. Kinyume chake pia kipo, yaani doa la mafuta kwenye ini lisilo na mafuta, na huamuliwa kwa alama hizohizo.

Hemanjioma ndiyo inayowatisha watu bila sababu kuliko zote. Ni kifundo cha mishipa midogo ya damu, si saratani, na ndiyo uvimbe wa nyama usio saratani unaopatikana zaidi kwenye ini, hasa kwa wanawake. Mara nyingi ni chini ya sentimita 3, nyeupe sawasawa, mipaka safi, na nyuma yake panang'aa kidogo. Ukiwasha rangi huoni mtiririko, kwa kuwa damu yake inakwenda polepole mno. Kwa mtu mzima kiafya, andika hivyo, mwite baada ya miezi sita uone kama imebadilika. Kwa mwenye homa ya ini B, au ini lenye uso wa mabonde na vilima, usiiite hemanjioma hata ikiwa nzuri namna gani. Mpe rufaa Bugando au hospitali nyingine yenye CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za vipande, apigwe picha kwa dawa ya kung'arisha mishipa. Saratani ya ini inapoanza nayo inaweza kuwa doa dogo jeupe.

Kifuko cha maji cha kawaida ni cheusi kabisa, ukuta mwembamba usioonekana, nyuma yake panang'aa. Kiache. Lakini kikiwa na ukuta wa tabaka mbili, au vifuko vidogo ndani ya kikubwa, au utando unaoelea, na mtu anatoka kwenye jamii ya wafugaji wanaoishi na mbwa, iwe Umasaini au Turkana, fikiria hidatidi, kifuko cha mnyoo wa mbwa, na usichome sindano hapo kituoni kwa namna yoyote. Maji yake yakivujia tumboni mgonjwa anaweza kupata mzio mkali wa kuua, na mbegu za mnyoo zikasambaa. Jipu la ini lina homa na maumivu ukibonyeza juu yake kwa probu. Mgonjwa mwenyewe atakuonyesha.

Kisichokuwepo, na kilichokaa pasipo pake

Mara chache sana utakuta lobu nzima haipo. Ikikosekana ya kulia, ya kushoto huwa kubwa, mfuko wa nyongo umehama, na utumbo mpana umepanda kuijaza nafasi. Kazi yako ni kutofautisha hali hiyo na ini lililosinyaa kwa sirosisi, yaani makovu ya ini zima, au kwa kichocho, na jibu liko kwenye mishipa: aliyezaliwa bila lobu hana vena ya ini ya kulia wala tawi la kulia la vena porta, aliyesinyaa anavyo, vimebanwa. Uliza tena kuhusu upasuaji kabla ya kuandika. Kovu linaweza kuwa limefunikwa na kanga.

Utumbo mpana unaweza pia kupenya kati ya ini na kiwambo. Demetrius Chilaiditi alilieleza jambo hilo mwaka 1910 kutokana na picha za eksirei. Kwenye ultrasaundi utaona gesi tu mahali ulipotarajia ini, na kwenye eksirei ya kifua itaonekana hewa chini ya kiwambo, ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa alama ya utumbo uliotoboka. Mgonjwa aliyetobokewa na utumbo tumbo lake ni gumu, na hana hamu ya maongezi. Huyu ambaye utumbo wake umepenya tu atakuwa ameketi anakuuliza majibu lini. Kwenye eksirei tafuta mikunjo ya utumbo ndani ya ile hewa.

Mtoto mchanga ana ukurasa wake. Manjano iliyopita wiki mbili, na choo cheupe au cha rangi ya kijivu, ni dharura. Mwambie mama akuletee nepi, ukitazame kile choo mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha, usitegemee maelezo. Inawezekana mirija ya nyongo haikuumbika au imeziba. Mpime akiwa hajanyonya kwa saa tatu au nne: mfuko wa nyongo ukikosekana, au ukiwa mdogo wenye kuta za kukunjamana, na ukiona kamba nyeupe nene mbele ya mgawanyiko wa vena porta, mpe rufaa siku hiyohiyo. Na hata usipoona chochote, choo cheupe peke yake kinatosha kwa rufaa. Upasuaji uliobuniwa na Mjapani Morio Kasai katika miaka ya 1950 huleta matokeo bora zaidi mtoto akifanyiwa kabla ya siku 60 za kuzaliwa. Ukisema "arudi mwezi ujao" umemnyima nafasi yake.

Mishipa iliyopita njia nyingine, na ripoti

Ateri za ini zina tofauti nyingi kuliko nyama yenyewe. Mmarekani Nicholas Michels alichambua maiti 200 na mwaka 1966 akapanga aina 10. Mpangilio wa vitabuni aliukuta kwa asilimia 55 tu. Mwaka 1994 Hiatt na wenzake walitazama watu 1,000 na kuukuta kwa robo tatu hivi. Tofauti unayoweza kuiona kwa mashine ya kawaida ni ateri ya kulia inayotoka kwenye ateri kuu ya utumbo: badala ya kupita mbele ya vena porta, inapita nyuma yake. Vena porta nayo, badala ya kugawanyika mara mbili, inaweza kutoa matawi matatu pamoja. Mgonjwa hasikii chochote kwa haya yote. Anayehitaji kujua ni daktari atakayemtoa mfuko wa nyongo au kumkata uvimbe, kwa sababu akikata ateri asiyoitarajia kipande cha ini kinapoteza damu.

Kwa hiyo unapoandika, andika umbo kabla ya hukumu. Mfano: "Urefu wa lobu ya kulia sentimita 19, ncha inashuka chini ya figo, ukingo mkali, mishipa ya kawaida hadi mwisho. Uso laini. Wengu sentimita 10. Vena porta milimita 11. Ulimi wa Riedel. Ini la kawaida." Sentensi kama hizo zinamzuia atakayefuata asianze upya kumtisha mgonjwa. Neno "limevimba" litumie pale tu ulipopima, ukaona ukingo butu, na lobu zote mbili zimekua, kisha taja unadhani ni kwa nini na hatua gani ifuate.

Mweleze mwenyewe kwa mdomo, akiwa amekaa, ameshajifuta jeli na kuvaa. Mwonyeshe picha. Kama ini lake lina umbo la pekee, chapa picha mbili, moja ya mafaili, moja yake. Aibane pamoja na kadi yake ya matibabu, na siku yoyote akipangiwa upasuaji wa tumbo, amwonyeshe daktari kabla ya kulazwa mezani.